Udhu Haudumu: Neno kwa Wazazi Wapya na Wazee Wetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kiungo na Mwenye kujua udhaifu wake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Katika darasa zetu za alasiri hapa Malindi, na kila tunapoalikwa Mambrui, Takaungu au Kilifi, akina mama hukaa upande wao wa pazia na maswali yao hutufikia kwa vikaratasi. Maswali ya mirathi, ya eda na ya zaka huja yakiwa na majina ya wenyewe. Liko swali moja ambalo haliji na jina hata siku moja. Husema, kwa maneno haya au yaliyo karibu nayo: tangu nilipojifungua, upepo hunitoka bila ya kutaka, au, nimepita miaka sitini, na haja kubwa hunitangulia kabla sijafika msalani. Kisha humalizia kwa maneno mamoja: je, mimi nina swala?

Tumekuwa tukilijibu swali hili kwa ufupi, kwa kadiri darasa linavyoruhusu. Wiki hii tumeazimia kulijibu kwa urefu, kwa sababu tumewajua wanaoliuliza, na tumesikia habari za wengi wasioliuliza. Wako walioacha kuja msikitini, wakaacha darasa, maulidi na harusi za jamaa zao. Na wako, jambo lililo zito zaidi, walioacha kuswali kabisa. Hawakuacha kwa ukaidi. Waliacha kwa kudhani kwamba mtu ambaye udhu wake haudumu hana tena mlango wa kumwendea Mola wake. Dhana hiyo si ya kweli, na haifai kuachwa ikae katika nyumba ya Mwislamu hata kwa siku moja.

Huenda msomaji akaona kuwa mambo haya hayastahili kuandikwa katika karatasi inayosomwa na familia nzima. Haya ni sehemu ya imani, nasi hatuna ruhusa ya kuipunguza. Lakini Ummu Sulaym (R.A.) alimwendea Mtume (S.A.W.) akamuuliza jambo la siri ya mwili wa mwanamke, akitanguliza kwamba Mwenyezi Mungu haionei haya haki, na Mtume hakumkemea, bali alimjibu. Naye Mama Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya yao haikuwazuia kujifunza dini yao. Katika madrasa zetu, mtoto wa miaka minane akifungua Safina hukutana na mambo yanayotengua udhu, na la kwanza kati ya hayo ni kile kinachotoka katika mojawapo ya njia mbili, mbele au nyuma, uwe upepo au kitu kingine. Ikiwa mtoto husomeshwa hilo mbele ya wenzake, bibi yake hawezi kukatazwa kuuliza afanye nini njia hiyo inapokataa kumtii.

Tuanze na mwili wenyewe, kwani asiyejua maradhi yake hudhani kuwa ni laana. Elimu ya tiba inatufundisha kwamba njia ya haja kubwa imefungwa kwa pete mbili za misuli, moja ndani ya nyingine. Pete ya ndani haimngoji mtu aiamrishe. Hubana mchana na usiku, hata mtu akiwa usingizini, na sehemu kubwa ya ufungaji wa kila saa ni kazi yake. Pete ya nje ndiyo inayotii amri yetu. Ndiyo tunayoikaza tunapozuia upepo mbele ya watu, au tunapotafuta msala tukiwa safarini. Juu kidogo ya pete hizo upo msuli mwingine ulio mfano wa kombeo, unaouvuta utumbo kwa mbele na kuupinda, ili kilicho juu kisiteremke moja kwa moja. Pamoja na hayo, mwisho wa utumbo umejaaliwa hisia ya kutambua kama kilichofika ni upepo, maji au kitu kigumu, na mishipa ya fahamu huipeleka habari hiyo kwenye ubongo na kurudi na amri. Mtu hushika udhu wake kwa kushirikiana kwa vitu vyote hivyo. Kimoja kikilegea, vingine hukibebea mzigo. Vikilegea viwili au vitatu, mtu huanza kuaibika.

Hapa ndipo mwanamume na mwanamke wanapotofautiana. Kwa kawaida, pete ya nje ya mwanamume ni ndefu zaidi na hubana kwa nguvu zaidi. Ya mwanamke ni fupi upande wa mbele, na upande huo huo ndio unaopakana na njia ya uzazi. Kichwa cha mtoto kinapopita, ngozi na misuli ya msamba hutanuka kupita kiasi. Mara nyingi huchanika kidogo na kupona. Mara nyingine mchaniko hufika mpaka kwenye pete za misuli, na mara chache huzipita zote mbili mpaka ndani ya utumbo. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa mimba ya kwanza, kwa mtoto aliyezidi kilo 4, kwa uchungu wa kusukuma uliorefuka, na pale mtoto anapolazimika kuvutwa kwa chombo. Tena mishipa ya fahamu inayopita katika nyonga nayo huvutika, na mshipa uliovutika huweza kuchukua miezi kurudia hali yake, au usiirudie kikamilifu.

Mwaka 1993, daktari Abdul Sultan na wenzake walichapisha uchunguzi walioufanya Uingereza. Waliwapima wanawake kabla na baada ya kuzaa, kwa chombo kinachoonyesha misuli iliyo ndani ya mwili. Kati ya waliozaa kwa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, takriban 35 katika kila 100 walionekana kuwa na dosari katika pete hizo wiki 6 baada ya kujifungua, hali ya kuwa wengi wao hawakuwa na dalili yoyote, wala jicho la mkunga halikuwa limeona kitu. Tunaitaja hesabu hii kwa sababu inafundisha mambo mawili. La kwanza, mama mwenye dhiki hii hakufanya kosa lolote, wala si kwamba hakujua kusukuma au kwamba alizaa kizembe. La pili, jeraha linaweza kukaa kimya kwa miaka mingi.

Mwanamke aliyejifungua hukaa katika nifasi, na kwa desturi ya Pwani yetu ndizo siku arubaini. Katika siku hizo hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hupikiwa uji wa pilipili manga, na haswali. Fiqhi yetu ya Kishafi inasema kwamba siku arubaini ndiyo ada ya wengi, na ukomo wake ni siku sitini. Kwa kuwa haswali, hana haja ya udhu, na kwa kuwa hatoki, hana wa kumwona. Siku anapokoga josho la kutoka nifasini na kutandika msala wake, ndipo anapogundua kwamba hawezi kufika rakaa ya pili bila ya upepo kumponyoka. Nyumba nzima imefurahi kwamba arubaini imekwisha, mgeni wake wa heshima, yaani somo au nyakanga aliyekuwa akimkanda, amekwisha rudi kwake, na yeye amebaki peke yake na siri yake. Akimwambia mkubwa, huenda akajibiwa kwamba hayo ni ya uzazi, yatapita. Mengi hupita kweli katika miezi ya mwanzo. Lakini yasiyopita hayana anayeyafuata.

Na tazameni jinsi mambo yalivyopangana. Mtoto anapotimiza wiki 6, yaani siku 42, hupelekwa kliniki kuchanjwa. Ni siku mbili tu baada ya arubaini. Mama yupo kliniki, muuguzi yupo, na mlango upo wazi. Mtoto hupimwa uzito, huchanjwa, na mama hurudi nyumbani bila ya kuulizwa na bila ya kusema. Ushauri wetu kwa kila bibi, mama mkwe, somo na dada anayemwangalia mzazi ni huu: kabla ya siku hiyo, muulizeni kwa upole, mkiwa wawili tu, kama anaweza kuzuia upepo na haja yake. Akisema hawezi, amwambie muuguzi kwa maneno hayo hayo, bila ya kuyafunika kwa kusema kwamba tumbo linamsumbua. Neno lililofunikwa huleta dawa ya tumbo, na msuli hubaki pale pale.

Tena liko jeraha jingine lisilofanana na hilo, nalo lisichanganywe nalo. Uchungu ukikwama kwa siku moja au mbili, kichwa cha mtoto huigandamiza nyama ya njia ya uzazi mpaka ikafa, na tundu likafunguka baina ya njia hiyo na kibofu, au baina yake na utumbo. Hiyo ndiyo fistula, ambayo wengine huiita nasuri. Mwenye fistula hupitisha mkojo au kinyesi mahali pasipokuwa pake, mchana na usiku, na mazoezi hayatamsaidia, kwani tundu hushonwa kwa upasuaji. Huko Addis Ababa, daktari Catherine Hamlin na mumewe Reginald walifungua hospitali kwa ajili ya wanawake hao mwaka 1974. Kwa jirani zetu wa Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT inajulikana kwa kazi hiyo, na hapa Kenya kambi za kuwapasua wenye fistula bila ya malipo huandaliwa mara kwa mara katika hospitali za umma. Tarehe 23 Mei ya kila mwaka imewekwa na Umoja wa Mataifa kuwa siku ya kuitokomeza. Kinga yake ni kumfikisha mzazi hospitali mapema. Mnamo Juni 2013 serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, lakini kutoka vijiji vya ndani vya Ganze au Magarini hadi Kilifi au Malindi ni safari ndefu, hasa usiku na wakati wa mvua. Mume mwenye akili hutafuta gari na nambari ya dereva mimba ingali ya miezi saba. Hilo nalo ni sehemu ya kumkimu mkewe.

Sasa tuingie katika habari ya umri. Qur'ani Tukufu, katika Suratur Rum, inatukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu alituumba katika unyonge, akatupa nguvu baada ya unyonge, kisha baada ya nguvu akaleta unyonge na mvi. Misuli tunayoizungumzia haikuvuliwa katika hukumu hiyo. Kadiri miaka inavyokwenda, pete ya ndani huwa ngumu na hupoteza ule mbano wake wa kila saa, na pete ya nje hunyauka na kupungua nguvu. Hisia ya utumbo nayo hupungua, hata mzee asijue kwamba haja imefika mpaka iwe mlangoni. Kwa mwanamke, baada ya hedhi kukoma, nyama za sehemu hizo hupungua unene na mnyumbuko. Ndipo lile jeraha lililokaa kimya tangu mtoto wa kwanza huanza kudai deni lake. Alipokuwa na miaka ishirini na mitano, misuli iliyobaki ilikuwa na nguvu ya kulibebea. Alipofika sitini, haikuweza tena. Bibi hushangaa na kusema: nimezaa watoto sita na sikupata tatizo, imekuwaje leo? Jibu ni kwamba uzazi wa ujana na uzee wa leo vimekutana mahali pamoja.

Wanaume wasidhani kwamba habari hii haiwahusu. Uchunguzi uliofanywa Marekani katika miaka ya 2005 na 2006, kwa watu wazima wanaoishi majumbani mwao, ulikuta kwamba karibu wanawake 9 katika 100, na karibu wanaume 8 katika 100, walikuwa wamepotewa na uwezo wa kuzuia choo angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Kwa vijana wa miaka ya ishirini walikuwa chini ya 3 katika 100, na kwa waliofika miaka 70 na zaidi walikuwa takriban 15. Basi mwanamume amepewa msuli mrefu zaidi, lakini hakupewa mkataba wa milele. Kisukari, ambacho kimeingia karibu kila nyumba ya Pwani, hudhuru mishipa ya fahamu. Kiharusi hukata njia ya habari baina ya utumbo na ubongo. Upasuaji wa bawasiri au wa mpasuko wa sehemu hiyo huweza kuigusa pete ya ndani, na tiba ya saratani ya tezi dume kwa miale huweza kuudhuru utumbo. Mzee anayeacha ghafla kuswali jamaa, akawa anakaa nyumbani na kusema magoti yanamuuma, huenda si magoti.

Tukija kwenye swali la karatasi, je, ana swala? Ndiyo, anayo, na inamwajibikia kama inavyomwajibikia mwingine. Fatima bint Abi Hubaysh (R.A.) alimlalamikia Mtume (S.A.W.) kwamba damu haimkatiki, akauliza kama aache swala. Mtume alimfahamisha kuwa hiyo si hedhi bali ni mshipa, na kwamba aswali, akitawadha kwa kila swala. Kutokana na hadithi hiyo, wanavyuoni waliweka hukumu ya kila mtu ambaye hadathi yake ni ya kudumu, iwe ni damu, mkojo, upepo au kinyesi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mtu huyo hufanya hivi. Hungoja wakati wa swala uingie. Hujisafisha vizuri. Hujiziba kwa pamba au kitambaa, au huvaa nepi ya watu wazima, kadiri asivyodhurika. Kisha hutawadha papo hapo, na nia yake huwa ni kuhalalikiwa na swala ya faradhi, si kuondoa hadathi, kwa kuwa hadathi yenyewe bado inaendelea. Baada ya hapo huswali bila ya kuchelewa, isipokuwa kwa jambo la maslahi ya swala, kama kujisitiri au kuingoja jamaa. Kitakachomtoka baada ya hapo, hata akiwa kwenye sijda, hakimdhuru. Kwa udhu huo huswali faradhi moja na sunna azitakazo, na faradhi inayofuata huitawadhia upya.

Hukumu hiyo ina mipaka yake. Akijua kwamba jambo hilo humpumzisha kwa muda unaotosha udhu na swala kabla ya wakati kutoka, na aungoje muda huo. Ambaye humtokea mara moja moja tu si mwenye udhuru huu. Udhu wake ukivunjika, atatawadha tena. Na mwenye shaka asihesabu shaka yake kuwa ni hadathi. Mtume (S.A.W.) amemwelekeza anayedhani kuwa ametokwa na kitu ndani ya swala asiivunje mpaka asikie sauti au apate harufu. Wako dada zetu wanaotawadha mara nne kwa ajili ya Adhuhuri moja, na walichonacho ni wasiwasi tu. Kinyume chake, anayebanwa na haja asijilazimishe kuswali huku akiizuia. Aende msalani kwanza, kisha aswali kwa utulivu.

Kutokwa na upepo au choo hakuharibu saumu. Lakini kidole cha daktari, dawa ya kuingizwa njia ya nyuma, na maji ya kuusafisha utumbo huharibu saumu kwa madhehebu yetu, basi uchunguzi na upangwe usiku wa Ramadhani au usubiri baada ya Idi, ikiwa hakuna hatari ya kuchelewa. Anayekwenda Hija naye atawadhe na kujihifadhi, kisha atufu. Asiache ibada ya umri wake kwa ajili ya udhuru ambao sharia imeujua na kuutengea njia. Msikitini aingie akiwa amejifunga vizuri kiasi cha kuwa na hakika kwamba hatachafua. Akihofia hilo, nyumbani kwake ni udhuru uliokubaliwa, wala si adhabu.

Kuwa na ruhusa ya sharia si sababu ya kuacha tiba. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu. Tiba ya kwanza haina gharama: ni kuufanyisha msuli kazi. Mwanamke au mwanamume hukaza sehemu hiyo kama anayezuia upepo usitoke, bila ya kubana tumbo wala mapaja, wala kuzuia pumzi. Hushikilia kwa hesabu ya sekunde 5, akizoea apandishe mpaka 10, kisha hulegeza kwa muda ule ule. Hurudia mara 8 hadi 10, mara 3 kwa siku, kwa muda wa miezi 3 angalau. Anayetaka kukumbuka nyakati, na afanye baada ya nyiradi za Alfajiri, Alasiri na Isha, akiwa bado ameketi kwenye msala. Asiyeona nafuu katika wiki ya pili asiache, kwani msuli huu nao huhitaji muda kama msuli wa mkono.

Tiba ya pili ni chakula na mpango. Choo laini mno hakishikiki, na choo kigumu mno huuchosha msuli kwa kukamua. Kunde, mbaazi, mchicha, papai na maji ya kutosha huleta choo cha wastani. Kahawa chungu na pilipili huwaharakisha wengine, basi kila mtu aujue mwili wake. Utumbo huamka tumbo linapopata chakula, kwa hiyo dakika 20 au 30 baada ya chai ya asubuhi ndio wakati mzuri wa kukaa msalani, bila ya haraka. Kwa wazee kuna hila moja inayowadanganya wengi. Mzee aliyefunga choo kwa siku nyingi huweza kuanza kutokwa na majimaji, kwa sababu maji hupita pembeni mwa kinyesi kigumu kilichokwama. Jamaa hudhani anaharisha, wakampa dawa ya kufunga, na hali ikazidi kuwa mbaya. Mzee kama huyo apimwe kwanza. Na yeyote, wa umri wowote, anayeona damu katika choo chake, au ambaye tabia ya choo chake imebadilika ghafla, au anayekonda bila ya sababu, asingoje mazoezi wala chakula. Aende hospitali.

Palipo na mchaniko mkubwa, dawa yake ni kushonwa na mwenye ujuzi, tena mapema baada ya kujifungua, na wengi wa wanaoshonwa vizuri hupona. Hata miaka ikipita, upo upasuaji wa kuirekebisha pete hiyo. Hospitali ya kaunti Kilifi, ile ya Malindi, na hospitali kuu ya Pwani mjini Mombasa ndiyo milango ya kuanzia. Mwanamke ana haki ya kuomba achunguzwe na daktari au muuguzi wa kike. Akikosekana, daktari mwanamume anaruhusiwa kwa kadiri ya haja, na mume au maharimu awepo. Mume anayemzuia mkewe asitibiwe kwa hoja ya wivu, kisha akamtoroka kwa hoja ya harufu, amemdhulumu mara mbili. Jeraha lenyewe alilipata akimzaa mtoto wa mume huyo huyo.

Limebaki neno kwa wanaowalea wazee. Katika Suratul Israa tumekatazwa kuwaambia wazazi wetu hata neno dogo la kuchukizwa pindi wanapozeeka mikononi mwetu. Mujahid, mfasiri wa zama za wanafunzi wa masahaba, ameieleza aya hiyo kwa jambo hili hili: kwamba ukiwaona katika uzee wao wamepatwa na haja kubwa na ndogo, usione kinyaa, kwani wao waliyaondoa hayo kwako ulipokuwa mtoto, wala hawakuona kinyaa. Basi adabu ianzie kwenye pua na uso kabla ya ulimi. Mzee huusoma uso wa anayemwosha.

Mambo yenyewe ya nyumbani si makubwa. Taa iachwe njiani usiku. Kiti chenye tundu kiwekwe karibu na kitanda kwa asiyeweza kuchutama. Nguo ziwe za kufunguka kwa urahisi. Ngozi ioshwe kwa maji, ikaushwe, ipakwe mafuta ili isichunike. Mke amhudumie mumewe na mume mkewe, na wasipokuwepo, binti amhudumie mama na kijana amhudumie baba. Anayehudumia avae glavu au afungie mkono kitambaa, kwani kwa madhehebu yetu kugusa tupu kwa kiganja kitupu hutengua udhu, na kizuizi huuhifadhi. Najisi ikimgusa, anapaosha mahali hapo tu. Udhu wake upo. Tumewasikia wakwe na mabinti wakilalamika kwamba hawapati kuswali kwa wakati kwa sababu ya uuguzi wa bibi. Kwa elimu hii ndogo wataswali kwa wakati, na uuguzi wao wenyewe utakuwa ibada.

Tunawaomba maimamu na walimu wa kike wa madrasa zetu, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, walisomeshe somo hili kwa ukamilifu wake pindi wanapofika katika mlango wa nifasi na istihadha, wasiishie kwenye damu peke yake. Na aliyetuandikia karatasi bila ya jina, jibu lake ni kwamba atandike msala wake leo Adhuhuri itakapoingia, ajisafishe, ajihifadhi, atawadhe na aswali. Wiki ijayo aende kliniki.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wazazi wetu, awape wepesi wajawazito wetu, awape subira na ujira wanaowahudumia, na atujaalie uzee wenye heshima na mwisho mwema. Amin. Wabillahi tawfiq.